Taa Mbili za Mbwa Mwitu

Machi 3

Mvua imeanza leo mchana, na mdogo wangu ameingia nayo. Wote wawili hawajui kubisha hodi.

Nimenunua daftari hili ili msimu huu niwe na pa kusemea. Nikiwaambia watu wataniambia nina kijicho, na ni kweli ninacho, lakini sipendi kuambiwa.

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Madaktari wa meno huniletea vipimo vya vinywa vya watu, nami huwarudishia tabasamu ndani ya kiboksi. Karakana iko chumba cha nyuma. Chumba cha mbele kina kiti cha mama, ambaye macho yake yameingia ukungu na sasa anaishi kwangu, na kabati la kioo la taa zangu. Ni taa za mafuta za Warumi wa kale, za udongo, ndogo kiasi cha kulala kiganjani. Kila moja ina tumbo la mafuta, mdomo wa utambi wenye masizi ya zamani, na juu yake kisahani chenye picha ya hadithi. Ninaye kijana anayeanguka kutoka angani kwa sababu mabawa yake ya nta yameyeyuka. Ninaye mwindaji anayeraruliwa na mbwa wake mwenyewe. Ninaye mwanamume aliyejishikiza chini ya tumbo la kondoo dume ili jitu lenye jicho moja lisimwone akitoka pangoni.

Na ninayo ya mbwa mwitu jike akiwanyonyesha watoto pacha wa binadamu waliotupwa mtoni. Hiyo ndiyo mboni ya jicho langu. Niliifuatilia miaka mitatu kwa muuza vitu vya kale, nikimpigia simu mpaka akabadilisha namba.

Basi leo Kitinda (ndivyo nitakavyomwita humu, maana ndiye kitindamimba wetu na hajaacha kuwa hivyo ingawa amekaribia miaka hamsini) ameingia na maji yake yote, akaninyooshea simu.

“Dada, hebu tazama. Si kama ile yako?”

Ana duka la mapazia. Wiki iliyopita alikwenda kwenye mnada wa vitu vya marehemu fulani, akanunua sanduku la pete za kuning'inizia mapazia. Chini ya pete kulikuwa na taa. Imejaa uchafu, lakini mgongo ule naujua. Ni mbwa mwitu wangu.

“Ni yenyewe,” nilisema. “Ila imechakaa.”

“Huyu mtoto ana nyota yake,” mama akasema kutoka kitini. “Akiokota jiwe, litakuwa yai.”

Tangu nizaliwe sijasikia nyota yangu ikitajwa.

Machi 4

Mvua. Nimelala vibaya. Nimemwambia mama ni mvua.

Machi 8

Mtunza makumbusho amekuja kurekebishiwa meno yake ya chini. Huyu bwana hutafuna na kuhutubia kwa meno yangu, kwa hiyo mimi humsikiliza kwa makini, nikingoja herufi itakayomponyoka. Leo hakuna iliyomponyoka.

“Chumba kipya tunakifungua mvua zikiisha,” alisema. “Taa za hadithi zote ninazo, nimekosa mbwa mwitu tu. Ukiniazima yako, tutaiweka katikati, na kadi itaandikwa jina lako.”

Jina langu, chini ya kioo, mahali ambapo watu husimama na kusoma. Zaidi ya nusu ya maisha yangu nimekusanya taa, na mtaani wananiita Mama Koroboi. Nilijifanya natazama jino dirishani, maana machozi yalikuwa karibu.

Ndipo mama akasema, “Mdogo wake naye anayo. Kapata juzi tu.”

“Kweli?” Yule bwana aligeuka na kiti kizima. “Basi nileteeni zote mbili, Aprili kumi na mbili, nichague iliyo bora. Nafasi ni ya moja tu.”

Nilimkaza meno kidogo kupita kiasi. Mungu anisamehe.

Machi 9

Dari ya chumba cha mama inavuja. Nimeweka ndoo.

Machi 14

Mvua haijakatika tangu juzi. Plasta haikauki, na watu wanasubiri meno yao kwa uji.

Nimekaa nikakumbuka. Nikisuka nywele, Kitinda alisuka vilevile. Nikishona gauni la mistari, wiki ya pili naliona mwilini mwake, na watu wanasema limempendeza zaidi. Mwaka jana ghafla akaanza taa. Anazo tatu, na zote kaziokota hivihivi, bila kujua mfinyanzi wala chapa ya kitakoni. Mimi natafuta kwa tochi, yeye anajikwaa.

Lakini liko jambo moja analolijua mtu wa kalibu kama mimi. Warumi nao walikuwa wakiigana. Mfinyanzi mmoja anachonga picha, anatengeneza kalibu ya kuufinyangia udongo, anatoa taa. Mwenzake wa mji wa pili ananunua moja, anaikandika plasta, anapata kalibu ya bure. Ila udongo ukikauka na kuchomwa hunywea, kwa hiyo taa ya kuiga hutoka ndogo kuliko ile iliyoizaa, na picha yake hufifia. Ukitaka kujua nani kamwiga nani, pima tu. Ndogo ndiyo nakala.

Yake itakuwa ndogo. Kwenye simu inaonekana kubwa, lakini kwenye simu hata yeye anaonekana mwembamba.

Machi 20

Kitinda amekuja na taa yake, imefungwa kwenye kipande cha pazia la mahameli. Kweli ilikuwa imevaa ganda la chokaa kama kiazi kilichotoka shambani.

“Nisafishie, dada. Mimi nikiigusa nitaivunja. Mikono yako ndiyo naiamini.” Akaishika mikono hiyo na kuinusa, akacheka. “Mnanaa wako huo! Hata tukikupoteza sokoni tutakupata kwa pua.”

Unga ninaopimia vinywa umetiwa mnanaa ili watu wasitapike, na harufu yake haitoki kwa sabuni yoyote.

Akakaa kula. Mimi nilipika, yeye akasifiwa kwa kula vizuri.

Machi 21

Nimeiloweka kwenye maji safi. Nje nako kumelowa.

Machi 23

Ganda limelegea. Natumia kijiti cha mbao, taratibu.

Machi 25

Sikio la mbwa mwitu limetokea. Lina manyoya ndani. Wangu hana manyoya sikioni.

Machi 28

Nimemaliza leo. Sijui niandike vipi.

Mbwa mwitu amegeuza shingo kuwatazama watoto, na ulimi wake unaonekana. Mbavu zake zinahesabika, maana ana njaa na bado ananyonyesha. Watoto wana vidole. Mmoja ameshika titi kwa mikono miwili kama anayekunywa kwenye bakuli, mwingine ananyonya kaegemea paja la mnyama. Kwangu mimi vidole ni kivimbe kimoja tu, na siku zote nilijiambia ni ufundi wa kizamani, kuficha vidole.

Nikaziweka sambamba mezani, nikachukua kibanio cha kupimia meno. Yangu ni ndogo, kwa unene wa punje ya mchele. Nikapima tena nikiwa nimesimama, kana kwamba kukaa ndiko kulikokosea. Ndogo. Nikapima picha peke yake, kutoka sikio hadi mkia. Ndogo.

Kwa hiyo mboni ya jicho langu ni nakala. Ni ya kale, ni ya kweli, lakini iliigwa kutoka kwa dada yake, na dada yake amelala kwenye mahameli ya Kitinda, aliyempata bila kumtafuta. Mtu aliyeniiga maisha yake yote, leo ndiye mwenye asili.

Nina wivu. Naandika tena ili nione kama utapungua: nina wivu, na unanichoma hapa chini ya kifua, na ningeweza kupiga mtu.

“Umemaliza?” mama aliuliza. “Ni nzuri?”

“Ya kawaida,” nikamjibu.

Machi 29

Mvua. Mama ameniuliza mbona sili.

Machi 31

Ndoo imejaa mara mbili. Fundi wa paa anasema hapandi mpaka pakauke. Naye ana akili.

Aprili 2

Nitaandika kama ilivyotokea.

Asubuhi nilijiambia: kama siwezi kuwa na taa ile, basi nibaki na uso wake. Nichukue kipimo kama cha kinywa cha mtu, nimimine plasta, na nitakuwa na mbwa mwitu wangu mwenye manyoya sikioni. Hakuna atakayejua. Nilikoroga unga, chumba kikajaa mnanaa.

Kitu cha kale hukipaka sabuni kwanza, utando mzito, ili kipimo kisishike udongo. Hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua. Sikupaka. Mama alikuwa ananiita, nikaharakisha; hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini tangu ahamie kwangu mama huniita kila siku, na sijawahi kuisahau sabuni.

Kipimo kikaganda. Nikakivuta. Kilitoka kwa sauti ndogo, kama mtu anayefungua midomo iliyokauka. Kwenye taa mtoto mmoja alibaki akinyonya. Wa pili, yule aliyeegemea paja, alikuwa amenasa kwenye kipimo chenye rangi ya waridi, mzima, kichwa hadi kisigino, mwembamba kama ganda la kitunguu.

“Kuna nini huko?” mama aliita. “Mbona kimya?”

“Hakuna kitu, mama.”

Sikulia. Jambo la kwanza lililonijia, nalo naliandika kwa aibu, lilikuwa hili: sasa watachagua yangu.

Aprili 3

Nimemrudisha mtoto mahali pake. Kama kuna jambo ninaloliweza duniani ni kurudisha kitu kidogo mahali pake kisionekane. Gundi kiasi cha jino moja, rangi ya udongo kwenye ncha ya brashi. Anayetazama haoni. Kipimo nimekikatakata nikakitupa.

Mimi naona.

Aprili 4

Mvua.

Aprili 6

Kitinda amekuja kuichukua. Aliifungua, akaigeuza polepole, akaisogeza usoni kama anayetaka kuibusu. Akabaki hivyo kwa muda. Kisha akanitazama.

“Imependeza sana, dada. Asante.”

Alikuwa ameleta pazia zito la chumba cha mama, kwa ajili ya unyevu, akalitundika mwenyewe akiwa amepanda kwenye ndoo niliyoigeuza. Ningependa angekuwa mbaya, kazi yangu ingekuwa nyepesi.

Aprili 9

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Naomba mvua izibe barabara ya makumbusho.

Aprili 12

Haikuziba.

Mtunza makumbusho aliziweka taa zetu kwenye kitambaa cheusi. Mimi kushoto, Kitinda kulia, kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Alipoona ya Kitinda alipumua kwa nguvu. “Sijapata kuona kitu kama hiki,” alisema, na wivu ukanipanda, hata wakati ule, hata nikijua ninayoyajua.

Halafu akafunga madirisha na kuwasha kitochi chenye mwanga wa zambarau. Yangu haikuonyesha kitu. Kwenye yake, kumzunguka yule mtoto wa pili, uzi wa mwanga uliwaka kama mpaka uliochorwa kwa chaki.

“Hii ni gundi,” alisema. “Na ni ya juzi.” Alizima tochi, akamgeukia Kitinda. “Mama, mtu akiniletea kitu kilichobandikwa bila kusema, sisi hapa tunamwita tapeli.”

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Ulimi haukutoka mahali pake.

“Ni kosa langu,” Kitinda akasema. “Iliniponyoka nilipokuwa naitoa sandukuni. Nikamwomba dada anibandikie, na nikamwomba asiseme. Nisamehe, bwana.”

Yule bwana alivuta taa yangu kwake. “Tutachukua hii. Ni ndogo kidogo na imefifia, lakini haina hila.”

Njiani Kitinda alinishikia mwavuli. Bega lake moja lililowa mpaka chini. Alisema tu, “Hongera, dada.”

Aprili 13

Nimepata nilichokitaka. Kadi inaandikwa.

Na linaloniuma zaidi si lile nililolitarajia. Hata katika hili amenizidi. Ningekuwa mimi, ningemwacha aumbuke na ningelala usingizi. Yeye kasimama pale akaitwa tapeli, akaomba msamaha kwa sauti nzuri. Namwonea wivu hata wema wake. Sijui kama kuna dawa ya hilo.

Mama amesikia kwamba yangu ndiyo imechaguliwa. Akauliza, “Na mwenzako je?”

Aprili 14

Imenyesha asubuhi tu.

Aprili 15

Nimekwenda dukani kwake. Alikuwa juu ya ngazi, pini zimejaa mdomoni, anakunja pazia la mteja.

“Ulijua,” nikamwambia.

Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kola yake. “Dada, taa ya Warumi itanukaje mnanaa?”

Nikakaa kwenye rundo la vitambaa. Nikamweleza yote: kipimo, sabuni, mtoto, na kwamba yangu ni nakala ya yake.

“Kwa nini umenikinga?”

“Ulitaka nikuumbue? Dada yangu mwenyewe, mbele ya mtu baki, tena mtu baki mwenye meno ya kuazima?” Nilitaka kucheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Aliteremka. “Ila usidhani sikuumia. Nimeumia. Ungesema unaitaka, ningekupa siku ileile.”

“Sikutaka kupewa.”

“Najua. Hujawahi kutaka. Hata chumvi huniombi.” Akaanza kukunja upya lile pazia ingawa lilikuwa limekunjwa sawa. “Unajua kwa nini nilianza hizi taa? Nikija kwenu, mnasimulia, wewe na mama. Huyu kaliwa na mbwa wake, yule kaanguka baharini. Mimi nakaa na sahani yangu kama mgeni. Nikirudi nyumbani mama ananipigia simu, dada yako hivi, dada yako vile, mikono ya dada yako. Nilitaka na mimi niwe na langu la kusema.”

“Mama? Ananisifu mimi?”

“Mpaka nasingizia chaji imeisha.”

Sikujua niweke wapi uso wangu. Miaka yote hii nilidhani mezani kuna sahani moja na imewekwa mbele yake.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja makumbusho, na viatu vyangu vya matope. Nilimwambia yule bwana nani aliyevunja na nani aliyedanganya, na nikampimia taa yangu, nikamtajia kipimo cha ile ya Kitinda, aone mwenyewe nakala ni ipi. Aliyasukuma meno yake kwa ulimi.

“Kwa hiyo nimemwita tapeli mtu asiye tapeli.”

“Ndiyo. Aliyekaa kimya ni mimi.”

“Chukua taa yako, mama,” alisema. “Ya mdogo wako nitaifuata mimi mwenyewe. Na nitamwomba radhi.” Hakuniaga. Kwa meno atarudi tu, hana pa kwenda, lakini taa zangu hataziuliza tena.

Aprili 17

Jua, nusu siku. Fundi wa paa amepanda.

Aprili 21

Mvua zimekwisha, ndoo imerudi bafuni.

Jana walifungua kile chumba. Mbwa mwitu wa Kitinda yuko katikati, chini ya taa ya umeme, na kadi ina jina lake. Chini ya jina wameandika kwamba mtoto mmoja alibanduka na kubandikwa, bila kusema na nani. Nimeisoma mara tatu. Nilikuwa na wivu mara zote tatu, ingawa ya tatu ulikuwa kama jino lililokwisha kung'olewa, unalitafuta kwa ulimi unakuta shimo. Kitinda alisimama pembeni yangu. Watu walipomuuliza habari za taa, aliwasukumia kwangu. “Muulizeni dada, mimi ni mtu wa mapazia.” Nilieleza mpaka sauti ikakauka.

Jioni tukarudi kwangu sote wawili. Mama alitaka kujua ni kitu gani hiki tulichokuwa tukigombania msimu mzima. Kumbe alijua. Nikafungua kabati, nikamwekea mkononi taa yangu, ile ndogo. Akaipapasa kwa kidole gumba, uso umeelekea dirishani.

“Huyu ni mnyama.”

“Mbwa mwitu, mama.”

“Na hawa?”

“Watoto.”

“Wangapi?”

“Wawili,” Kitinda akasema.

“Wote wananyonya?”

Nilitazama, ingawa naijua taa ile kuliko kiganja changu. “Wote, mama.”

Kidole chake kikarudi kwenye mbavu za mnyama, kikakaa pale.

“Na huyu mama yao,” akauliza, “yeye anakula saa ngapi?”

Tuliinuka sote wawili kwa pamoja, tukagongana mlangoni. Jikoni nilifika mimi wa kwanza.